Kujisaidia

Nikimwambia mtu kwamba nimesomea fiziotherapia, mara nyingi hunigeuzia bega. "Basi nikande hapa kidogo, panauma tangu juzi." Wengine hukumbuka mpira: "Kumbe nyie ndio wale wanaokimbia uwanjani na begi mchezaji wa Simba akianguka?" Hospitalini wagonjwa walituita watu wa mazoezi. Sijawahi kukasirika. Kukanda kumo, uwanjani tumo, na mazoezi ndiyo sehemu kubwa ya kazi.

Swali linalofuata huulizwa kwa adabu tu, ili mazungumzo yasife: "Na mnafanyia kazi wapi?" Zamani nililiona swali jepesi. Siku hizi nasoma shahada ya uzamili katika maadili ya afya, darasa ambalo tunaweza kubishana saa nzima kuhusu nani apewe mashine ya kupumulia iwapo ipo moja na wagonjwa ni wawili. Lakini kosa kubwa nililowahi kufanya kazini halikutokana na swali gumu la namna hiyo. Lilitokana na hilo jepesi, la wapi.

Kwenye mtihani wa shahada ya kwanza nililijibu vizuri. Niliandika kwamba tupo wodi ya mifupa, tukimwinua mtu aliyewekewa chuma pajani siku moja au mbili baada ya upasuaji. Tupo chumba cha wagonjwa mahututi, tukimgeuza mtu na kumsaidia kutoa makohozi ambayo kifua chake hakina nguvu ya kuyatoa. Tupo wodi ya walioungua, tukinyoosha kiwiko cha mtoto anayelia, kwa sababu kovu likikomaa kiwiko kikiwa kimekunjwa, kitabaki kimekunjwa. Tupo kliniki ya watoto waliozaliwa na miguu kifundo, ambako mguu hurekebishwa kidogo kidogo kila wiki na kufungwa plasta kwa njia aliyoibuni daktari Ignacio Ponseti huko Iowa, Marekani, kisha mtoto huvaa viatu maalumu usiku hadi afikishe miaka minne hivi. Tupo kwa watoto wenye mtindio wa ubongo, kwa kina mama ambao baada ya kujifungua wanashindwa kuzuia mkojo, kwa wachezaji, kwa wazee. Nilipata alama nzuri.

Sikuandika chooni.

*

Mzee mmoja, fundi cherehani, aliletwa katika hospitali kubwa niliyokuwa nikifanya kazi, akiwa amepata kiharusi. Familia yake imeniruhusu kusimulia haya, na nimebadilisha mambo machache ili asitambulike. Upande wake wa kulia ulikuwa umelegea, mkono zaidi ya mguu. Mdomo ulikuwa umepinda na maneno yakitoka kwa uzito. Siku ya kwanza nilipomwendea kitandani nikamwamkia, "Shikamoo babu."

Akanitazama kwa muda. "Marahaba, mke wangu."

Nikacheka, na nikajua akili yake ipo salama. Pwani babu na mjukuu ni watani. Mjukuu wa kike ni "mke", bibi ni "mke mwenza", na katika utani huo husemwa mambo ambayo mzazi na mwanawe hawawezi kuambiana. Wakati ule niliuchukua utani wake kama dalili njema tu ya kitabibu. Sikujua kwamba baadaye ndio ungenifungulia mlango.

Tulifanya kazi karibu wiki mbili. Hatukumkurupusha. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2015 ulionyesha kwamba wagonjwa wa kiharusi walioinuliwa mapema mno, ndani ya saa 24, tena kwa wingi, hawakupata nafuu nzuri kama wenzao waliopewa huduma ya kawaida. Lakini kuchelewa nako kuna hatari yake. Mwanasayansi wa Marekani, Edward Taub, alionyesha kwamba kiungo kilichodhoofika kisipotumika, mwenye nacho hujifunza kutokitumia, na huendelea kutokitumia hata pale nguvu zinapoanza kurudi. Kwa hiyo tulikwenda kwa hatua: kujigeuza kitandani, kukaa ukingoni, kusimama, kisha kwenye vyuma viwili vya kushikilia vilivyo katikati ya ukumbi wetu wa mazoezi.

Familia ilikuja kila saa ya kutazama wagonjwa. Mwanawe wa kiume, dereva wa lori. Binti yake, mfanyabiashara sokoni. Mkamwana wake, yaani mke wa yule mwana, aliyekuwa akikaa nyumbani na watoto wawili. Walimletea uji, wakamfuta mdomo, wakamgeuza, wakamvalisha. Kila nilipomwambia mzee ajaribu kuvaa shati mwenyewe, mikono mitatu ilikuwa imeshalishika lile shati. Nikawaambia, kwa ukali kidogo, kwamba wakimfanyia kila kitu watamlemaza. Walitikisa vichwa kukubali. Niliona nimewafundisha jambo kubwa.

Siku ya kuruhusiwa alitembea mita 15 kwa fremu, juu ya sakafu ya vigae, mimi nikiwa pembeni bila kumgusa. Nikapiga makofi. Nikajaza fomu tuliyokuwa tukiitumia, fahirisi ya Barthel, iliyotungwa Marekani na kuchapishwa mwaka 1965. Ina mambo 10 ya kila siku, na jumla yake ni alama 100: kula, kuoga, kuvaa, kutoka kitandani kwenda kwenye kiti, kupanda ngazi, na mengineyo. Kutumia choo kuna alama 10. Nilimpa zote 10, kwa sababu choo cha wodi kilikuwa cha kukaa, chenye bomba la kushikilia ukutani, na muuguzi aliniambia mzee anakwenda vizuri. Nikawapa karatasi yenye michoro ya mazoezi, na nikawaomba wamlete mara mbili kwa wiki.

Walimleta mara tatu. Kisha wakaacha.

*

Baada ya miezi miwili alirudishwa. Alikuwa amekonda, midomo imekauka, na mkojo ukimchoma. Juu ya makalio, pale mfupa ulipo karibu na ngozi, kulikuwa na kidonda cha kulalia ambacho kidole changu kingeweza kuingia.

Nilimwuliza mwanawe mbele ya mgonjwa wa kitanda cha pili, "Hamkumfanyisha mazoezi?"

"Tulimtunza, dokta," akasema. "Yeye mwenyewe ndiye aliyekataa. Hata kula hataki. Maji ndiyo kabisa."

Mkamwana alikuwa amesimama nyuma yake na chupa ya chai. Hakusema kitu. Aliangalia sakafu, na mimi nikaisoma ile kimya yake kama hatia. Kwenye faili niliandika: familia haikufuata maelekezo.

Sentensi hiyo huandikwa sana katika mafaili yetu. Ni fupi na inafunga mjadala. Inasema kwamba sisi tulifanya sehemu yetu na wao hawakufanya ya kwao. Kaka mmoja aliyenitangulia kazini kwa miaka mingi aliisoma, akanirudishia faili.

"Choo chao umekiona?" akaniuliza.

Nilimwambia sijakiona. Ningekionaje? Hospitali yetu haikuwa na utaratibu wa kwenda majumbani, wala nauli, wala saa za kazi hiyo.

"Basi hujui maelekezo yako yalikuwa yanafuatwa kwenda wapi," akasema, akaendelea na kazi zake.

*

Mzee aliporuhusiwa mara ya pili, kidonda kikiwa kimeanza kufunga, nilimwomba mwanawe anielekeze kwao. Nilikwenda Jumamosi kwa daladala, kisha bodaboda, upande wa Mbagala, ambako barabara ya lami huisha na mchanga ukaanza.

Ilinitosha dakika kumi kuona kwamba mita 15 nilizopigia makofi hazikuwepo katika nyumba ile. Kitanda kilikuwa kirefu na godoro limebonyea katikati. Kutoka hapo kungemshinda hata mtu mzima wa afya aliyechoka. Mlango wa kutokea uani ulikuwa na kizingiti cha saruji kinachofika kwenye kifundo cha mguu. Nje yake ulikuwa mchanga, na fremu yangu, ile niliyowaambia wainunue, ilikuwa imeegeshwa ukutani ikianikiwa nguo za watoto. Nikaijaribu. Miguu yake minne ilizama. Hatua kama ishirini mbele kilikuwapo choo: kuta za matofali, pazia la kiroba, shimo, na sehemu mbili za kukanyaga. Choo cha kuchuchumaa. Mtu ambaye mguu wake mmoja hauna nguvu hawezi kuchuchumaa, na akichuchumaa hawezi kuinuka.

Nauli nayo ilikuwa hivi: daladala asingeweza kupanda, kwa hiyo kila safari ya kuja kwetu ilikuwa bajaji ya kukodi, shilingi 30,000 kwenda na kurudi. Mara mbili kwa wiki. Walimleta mara tatu kwa sababu fedha ilitosha mara tatu.

Lakini haya yote hayakueleza maji. Mkamwana alipotoka kwenda kufua, nikakaa kwenye kigoda karibu na kitanda.

"Babu, mbona hunywi maji? Figo utaziua."

Akatazama mlangoni kwanza. "Nikinywa, yataniletea safari."

"Si utasaidiwa?"

"Na nani? Mwanangu anasafiri, wiki nzima hayupo. Binti yangu yuko sokoni tangu alfajiri mpaka magharibi. Mchana kutwa niko na mkamwana." Akanyamaza. "Wewe mjukuu wangu naweza kukwambia. Mke wa mwanangu anivue nguo? Anisafishe? Bora nikae na kiu."

Mzee yule alikuwa akijibana tangu alfajiri hadi binti yake aliporudi jioni. Ili aweze kujibana, alikuwa amepunguza maji, kisha chakula. Ili asisikie kiu wala haja, alikuwa analala kimya bila kutikisika, kwa maana, kama alivyosema, mazoezi yanafungua tumbo. Kidonda kilitoka hapo, na kukonda, na mkojo unaochoma. Wala hakuwa amekata tamaa kama tulivyodhani. Kila siku alikuwa akifanya kazi ngumu sana, ya kulinda heshima ya mwanamke aliyemwoza mwanawe na heshima yake mwenyewe mbele ya mwanamke huyo, kwa njia moja tu iliyobaki.

Jioni, mkamwana aliponisindikiza barabarani, aliniambia upande wake. "Mimi ningemfanyia, dada. Namwona kama baba yangu. Lakini nikimsogelea anageukia ukutani. Nikimpa maji anasema weka hapo. Nikiyarudia jioni nayakuta yamejaa vilevile. Na majirani wanadhani namnyima." Alikuwa analia. Nikakumbuka sakafu aliyokuwa akiiangalia wodini siku ile nilipouliza swali langu.

*

Kiswahili kina neno moja kwa mambo mawili ambayo vitabu vyangu viliyatenganisha. Kujisaidia ni kutafuta riziki yako, kuinuka, kufanya lako bila kumngoja mtu. Na kujisaidia ni kwenda haja. Nimelitumia neno hilo maisha yangu yote kwa maana zote mbili, bila kusikia kwamba ni neno lilelile. Tunalitumia kwa tafsida, ili tusitaje kinyesi. Lakini kila tukilitumia tunasema kwamba msaada wa kwanza ambao mtu mzima anajipa mwenyewe ni huu, na kwamba akishindwa huu, ameshindwa kitu ambacho alama 10 kati ya 100 hazikipimi.

Nimewasikia wasomi wenzangu wakiona aibu ya mzee huyu kuwa ni ya kimila tu, jambo la kumwelimisha aliache. Nina shaka. Taaluma yangu yenyewe imezaliwa ndani ya aibu. Mwaka 1894, wauguzi wanne wa London walianzisha chama cha wanawake wachuaji waliofunzwa, kwa sababu kazi ya kuchua miili ya watu ilikuwa imechafuliwa na kashfa za nyumba za ukahaba zilizojificha chini ya jina hilo. Miongoni mwa kanuni zao za mwanzo: usimchue mtu bila maelekezo ya daktari, na usiwachue wanaume mwili mzima isipokuwa kwa dharura na kwa ombi maalumu la daktari. Chama hicho ndicho leo chama cha wataalamu wa fiziotherapia wa Uingereza. Kabla hatujauliza mwili unaponaje, tuliuliza nani anaruhusiwa kuugusa mwili wa nani, wapi, na mbele ya nani. Mzee wa Mbagala alikuwa akiuliza swali hilohilo.

Nami nilikuwa nimemjibu kwa mchoro wa kunyanyua mguu mara kumi.

*

Jumamosi ya pili nilimkuta amenuna. "Mjukuu, niache. Nimekanyaga cherehani miaka arobaini. Acha nipumzike."

Darasani tunajifunza kanuna nne za maadili ya tiba kama zilivyopangwa na Beauchamp na Childress katika kitabu chao cha mwaka 1979: kuheshimu uhuru wa mtu wa kujiamulia, kutenda wema, kutodhuru, na haki. Kwa kanuni ya kwanza, mzee mwenye akili timamu akisema niache, unamwacha. Kwa kanuni ya pili, unajua kwamba ukimwacha atarudi na kidonda kingine, na cha pili huenda kikamwua. Mwanafunzi mzuri huandika kurasa tatu akizipima mbili hizi, kisha huamua kwa tahadhari.

Mimi sikuamua kitu. Nilimwuliza kama ningemwuliza babu yangu: "Nikuache na nini? Ungepewa jambo moja tu, ungetaka lipi?"

Hakufikiri. "Nataka nikajisaidie mwenyewe."

Nimelitafakari sana jibu hilo. Yule aliyesema niache na yule aliyesema nataka ni mtu mmoja, dakika moja. Alichokikataa ni mazoezi yangu, yale ya ukumbini, ambayo hayakuwa yanampeleka popote alipotaka kwenda. Alichokitaka hakikuwa kimeorodheshwa. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, wa mwaka 2006, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009, una kifungu cha 26 kinachohusu huduma za utengamao. Kinataka mambo mawili kwa pamoja: huduma ziwe za hiari, na ziwe karibu kadiri inavyowezekana na jamii anamoishi mtu, pamoja na vijijini. Nilipokisoma mara ya kwanza niliona ni mambo mawili, moja la uhuru na moja la jiografia. Sasa naona ni jambo moja. Hiari ya mtu aliye mbali na huduma ni hiari ya jina tu. Akikataa, hatujui amekataa nini: tiba, au bajaji ya shilingi 30,000, mazoezi, au kutazamwa na mkamwana. Ili uiheshimu hapana ya mtu, inakupasa kwanza ufike mahali ambapo angeweza kusema ndiyo.

*

Tulichokifanya hakikuwa cha ajabu. Tulikata miguu ya kitanda kidogo na kuweka ubao chini ya godoro. Mwanawe aliporudi safari, alivunja kizingiti na kumwaga saruji iliyoteremka polepole hadi uani, kisha akatengeneza kinjia chembamba cha zege juu ya mchanga. Tukachukua kiti cha plastiki, tukatoboa tundu katikati ya kikalio na kukiweka juu ya shimo, miguu yake tukaifunga kwa waya kwenye vigingi ili kisiteleze. Tukasimika mirunda na kupitisha mti wa kushikilia kwa mkono wa kushoto. Siku ya kwanza alifika chooni vizuri, akageuka, akasimama. Sote tulikuwa tumesahau kwamba anaporudi, kushoto kwake kunakuwa upande wa pili. Mzee akacheka mpaka akaomba kukaa. Ukaongezwa mti wa pili.

Mazoezi yakawa ni hayo: kuinuka kitandani, hatua ishirini, kukaa, kuinuka, hatua ishirini. Kupandisha na kushusha suruali kwa mkono mmoja ndiko kulikochukua muda mrefu kuliko kutembea, na kwenye mafunzo yangu hakuna aliyewahi kunifundisha. Fundi alilitatua mwenyewe. Alimwelekeza binti yake jinsi ya kuweka mpira mpana kiunoni mwa suruali tatu, akimsimamia kila mshono kama mwanafunzi wake.

Mkono wa kulia haukurudi. Sitasimulia muujiza. Hakushona tena.

*

Katika semina moja nilisimulia kisa hiki, na mwenzangu akanipinga vizuri. Alisema: huoni kwamba unahubiri kujitegemea kwa Wazungu? Kwetu mzee kutunzwa ni heshima. Mtoto anayembeba mzazi wake mgongoni anachuma radhi. Ninyi mnakuja na fomu zenu za alama 100, mnamfanya mzee aone aibu kubebwa na wanawe.

Ni hoja nzito, na hata huko ughaibuni wapo wanaoitetea. Mwanafalsafa wa Marekani Eva Kittay, mama wa binti mwenye ulemavu mkubwa, ameandika kwamba utegemezi si ajali inayowapata wachache. Ndio hali yetu sote, tunazaliwa ndani yake na wengi tunarudi humo. Nakubaliana naye. Na kwetu sisi neno kujitegemea lina uzito wake tangu Azimio la Arusha la mwaka 1967, lakini hata pale lilikuwa upande mmoja wa kauli: ujamaa na kujitegemea. Hakuna aliyesema kujitegemea peke yake.

Jibu langu ni kile nilichokiona mle ndani. Mzee alipoanza kwenda chooni mwenyewe, hakuwakimbia watu wake. Alirudi kwao. Jioni mjukuu wake wa miaka sita alikuwa akimlisha wali kwa kijiko, ingawa mkono wa kushoto ungeweza kabisa, na yeye akifungua mdomo kama kinda la ndege ili mtoto acheke. Utegemezi huo aliuchagua. Ule wa kuvuliwa nguo na mkamwana hakuuchagua. Mtu anaweza kupokea kwa raha mia mikononi mwa wengine iwapo lipo moja analoweza kulikataa. Kazi yetu, nadhani, ni kumrudishia mtu hilo moja, na ni yeye anayelijua ni lipi. Kwa mwingine lingekuwa kula, kwa mwingine kutawadha, kwa mwingine kufika barazani waliko wenzake. Halijulikani kutoka ukumbini.

Kinachonisumbua bado ni haki, ile kanuni ya nne. Jumamosi zangu sita hazikuwa huduma, zilikuwa toba ya mtu mmoja kwa mtu mmoja, kwa nauli yake. Makadirio yaliyochapishwa mwaka 2020 yalionyesha kwamba watu kama bilioni 2.4 duniani walikuwa na hali za kiafya ambazo zingenufaika na utengamao. Shirika la Afya Duniani, katika wito wake wa mwaka 2017, linataka huduma hizi ziingizwe katika ngazi zote za mfumo wa afya, hadi ya msingi, yaani kwetu zahanati na kituo cha afya. Hapo ndipo swali la wapi linapokuwa la bajeti: nani aajiriwe, alipwe nauli na nani, na je, saa anayoitumia kupima urefu wa kizingiti ihesabiwe kuwa ni tiba. Najua hoja za upande wa pili. Mtaalamu mmoja akiwa njiani kwenda Mbagala, wagonjwa kumi wanamngoja ukumbini. Sina jibu la hesabu hiyo. Ninachokijua ni kwamba ukumbini nako tulipoteza saa nyingi tukimfundisha mtu kutembea kwenye vigae ambavyo hana.

Lile faili sikulibadilisha. Rekodi ya mgonjwa haifutwi. Chini ya sentensi yangu niliongeza tarehe na nyingine: maelekezo hayakufuata familia.

Mara ya mwisho kumtembelea nilimkuta nje, kwenye kivuli, akibishana na kijana mmoja kuhusu bei ya kitambaa. Mkamwana alituletea chai na mihogo. Nikamwamkia mzee, akaniita mke wangu, akamwambia yule kijana anisogezee kiti. Tulizungumza mpaka jua likaanza kushuka. Kikombe chake kilipoisha alikiinua kwa mkono wa kushoto kuelekea jikoni, akamwita mkamwana kwa jina la mtoto wake mkubwa, akamwomba amwongezee.